Nywila Moja kwa Simu Zote: Kisa cha Mnyoo wa ikee, Novemba 2009

Mwanzoni mwa Novemba 2009 baadhi ya wenye iPhone nchini Uholanzi walikuta ujumbe wa ajabu kwenye skrini zao. Uliwaarifu kwamba simu zao zimedukuliwa kwa sababu hazina ulinzi, na kwamba anayetaka kuelekezwa jinsi ya kuziba tundu alipe euro 5 hivi kupitia PayPal. Siku chache baadaye, huko Australia, wenye iPhone wengine walikuta picha iliyo nyuma ya kufuli la skrini imebadilika, na mahali pake amekaa Rick Astley, mwimbaji wa Uingereza aliyevuma miaka ya 1980. Kabla mwezi haujaisha likaja wimbi la tatu, nalo halikuwa na mzaha wowote: liliwawinda wateja wa benki ya ING.

Simu zote zilizoingiliwa zilifanana kwa mambo matatu. Mwenyewe alikuwa amevunja kufuli la mfumo lililowekwa na Apple, alikuwa ameweka programu iitwayo OpenSSH, na hakuwa amebadili nywila iliyokuja na simu. Tangu hapo kisa hiki kimekuwa kikitajwa kama ushahidi kwamba anayefungua simu yake amejitakia yatakayompata. Nimekirudia mara nyingi na bado sikubaliani na usomaji huo. Kufungua simu kulimpa mmiliki mamlaka yaliyokuwa ya mtengenezaji, na pamoja na mamlaka hayo kukamtwisha kazi ya ulinzi ambayo mtengenezaji alikuwa akiifanya kimyakimya. Kazi hiyo ndiyo ambayo wengi hawakuambiwa kwamba sasa ni yao.

Walichokuwa wakikitafuta

Tuanze na sababu, kwa maana bila hiyo watu hawa wataonekana wachokozi tu. iPhone ilipoanza kuuzwa Marekani tarehe 29 Juni 2007 haikuwa na duka la programu. Waandishi wa programu waliambiwa watengeneze kurasa za wavuti zinazofunguka ndani ya Safari, basi. Duka lilifunguliwa Julai 2008, lakini kila programu ilipaswa kupitiwa na Apple na kupewa saini ya kidijitali. Isiyo na saini, mfumo uligoma kuiendesha. Kunakili na kubandika maandishi, jambo ambalo kompyuta zilikuwa zikilifanya kwa miongo kadhaa, kulikuja Juni 2009.

Mfano ulio wazi zaidi ni video. Mwezi huohuo wa Juni 2009 iPhone 3GS ilitoka ikiwa na uwezo wa kurekodi video, na mwenye iPhone 3G, simu aliyoinunua pengine miezi michache tu nyuma, hakupewa. Lakini kamera yake haikuwa na tatizo. Kulikuwa na programu iitwayo Cycorder iliyorekodi video kwenye simu hizohizo za zamani, ila ilipatikana kwa waliovunja kufuli pekee. Backgrounder nayo iliziacha programu ziendelee kufanya kazi baada ya kuondoka kwenye skrini yake, muda mrefu kabla Apple haijaruhusu jambo linalokaribiana na hilo katika iOS 4. WinterBoard ilibadilisha sura ya skrini yote, alama za programu na mandhari yake. Na wateja wa AT&T huko Marekani waliotaka kutumia intaneti ya simu kwenye kompyuta zao walisubiri hadi Juni 2010 kuipata kihalali.

Kwa hiyo aliyevunja kufuli hakuwa lazima awe mwizi wa programu. Mara nyingi alikuwa mtu aliyelipia kifaa kizima na kuruhusiwa kutumia sehemu yake.

Kazi yenyewe ilifanywa na zana zilizokuwa zikitolewa bure, kama PwnageTool na redsn0w za kundi la iPhone Dev Team, au blackra1n iliyotolewa na George Hotz Oktoba 2009. Zana hizi zilipenya kwenye dosari katika hatua za kuwaka kwa simu, zikaondoa ukaguzi wa saini, zikafanya sehemu ya diski yenye mfumo iweze kuandikwa, kisha zikaweka Cydia, duka mbadala lililoanzishwa na Jay Freeman mwaka 2008. Kuanzia hapo simu ilikuwa kompyuta ndogo ya ukoo wa Unix ambayo mwenyewe angeweza kuiamuru kwa jina la root, yaani akaunti isiyowekewa mpaka.

Miongoni mwa vifurushi vilivyokuwa Cydia kulikuwa na OpenSSH. Hii ni huduma inayosikiliza kwenye poti namba 22, yaani mlango mmojawapo wa mawasiliano ya kifaa na mtandao, na kumruhusu mtu aliye kwenye kompyuta nyingine aingie, atoe amri na kunakili mafaili, mradi ana jina la akaunti na nywila. Watu waliiweka ili kuhamisha milio ya simu, mandhari za WinterBoard, au kuinusuru simu iliyokwama. Miongozo mingi ya wakati ule iliitaja kama hatua ya kawaida tu, kati ya hatua nyingine. Na ikishawekwa, haikuzimika yenyewe. Ilianza pamoja na simu na kuendelea kusikiliza, ukiwa umelala au umeamka, ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani au kwenye mtandao wa kampuni ya simu.

Herufi sita

Ndani ya kila iPhone kulikuwa na akaunti mbili zenye maana hapa: root, na mobile ambayo ndiyo iliyoendesha programu za mtumiaji. Nywila ya zote mbili ilikuwa neno moja, alpine. Haikutofautiana kati ya simu na simu, nchi na nchi, wala mnunuzi na mnunuzi. Na haikuwa siri: Julai 2007, simu ikiwa haijamaliza hata mwezi sokoni, watu walikuwa wameshatoa alama yake iliyofumbwa kutoka kwenye faili la kurejesha mfumo na kuifumbua.

Mtu atauliza iweje kampuni kubwa iache jambo kama hilo. Jibu ni kwamba katika simu isiyofunguliwa halikuwa na madhara. Hapakuwa na huduma yoyote ya kuomba nywila hiyo kutoka nje. Chumba kisicho na mlango hakiulizwi ufunguo. Mbunifu wa Apple angeweza kutetea uamuzi huo kwa hoja safi kabisa. OpenSSH ndiyo iliyotoboa mlango, na ufunguo wake ulikuwa umeshaandikwa mtandaoni kwa zaidi ya miaka miwili.

Kinga ilikuwa kubadili nywila. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa kuwa hukumu ya wengi kuhusu kisa hiki inasimama juu ya dhana kwamba kubadili nywila ni jambo la sekunde chache na aliyeshindwa ni mzembe. Kwenye iPhone iliyofunguliwa ya mwaka 2009 hapakuwa na ukurasa wa mipangilio wa jambo hilo. Ulitakiwa kuweka programu nyingine, MobileTerminal, inayokupa skrini ya kuandika amri. Ukaandika amri ya kuwa root, ukaweka alpine, ukaandika amri ya passwd, kisha nywila mpya mara mbili, na wakati wote huo herufi unazobonyeza hazionekani, hata kwa nukta. Mtu ambaye hajawahi kuona skrini ya amri huamini kibodi imekufa, akafunga, akaachana nayo.

Aliyefaulu alikuwa amefanya nusu ya kazi. Bado ilibaki akaunti ya mobile, ambayo ilipaswa kubadilishiwa nywila yake peke yake, na wengi waliishia kwenye root kwa sababu ndilo jina lililotisha. Lakini ujumbe mfupi, picha, anwani za watu, vyote vilikuwa chini ya mobile. Mdukuzi hakuhitaji mamlaka ya root ili kusoma mazungumzo ya mtu na mkewe. Kumwita mtu mjinga kwa kutojua hili, wakati zana iliyomfungulia simu ilimaliza kazi kwa kubofya mara moja na kumwonyesha alama ya ushindi, ni kumwonea.

Mawimbi matatu

Kijana wa Uholanzi alikagua anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni, za wateja wa T-Mobile nchini humo, akatafuta zilizo wazi kwenye poti 22, akaingia kwa alpine na kuacha ujumbe wake wa kudai fedha. Baada ya kelele kuwa kubwa aliomba radhi na kutoa maelekezo ya kujikinga bila malipo. Hakuwa na mnyoo, yaani programu inayojisambaza yenyewe: aliingia simu kwa simu, yeye mwenyewe na kompyuta yake.

Kijana wa Australia, mkazi wa Wollongong mwenye umri wa miaka 21, alipiga hatua iliyofuata. Mnyoo wake, ikee, ulijiendesha. Ukishaingia simu moja ulibadilisha picha ya kufuli la skrini, ukaanza kukagua anwani nyingine, kwanza za jirani kisha za kampuni za simu za Australia zilizoorodheshwa ndani yake, na kila ulipopata iPhone inayoitikia alpine ulijinakili humo. Haukuiba data. Jambo la kustaajabisha ni kwamba uliiondoa huduma ya SSH kwenye simu uliyoiingia, hivyo mwizi mwingine asingeweza kupita njia ileile. Wapo waliosema kwa hilo alitenda wema. Sikubali. Simu ya mtu iliandikwa upya bila idhini yake, betri yake ilitumika kuwashambulia wengine, na aliyekuwa akiitegemea SSH kuinusuru simu yake aliipoteza bila kujua imeenda wapi. Ndani ya msimbo wake mwandishi alieleza nia yake kuwa ni kuonyesha upumbavu wa watu wasiosoma maelekezo. Hiyo ni hukumu ya mtu ambaye skrini ya amri ni nyumbani kwake.

Wengi walioathirika Australia walikuwa wateja wa Optus, na sababu yake haimo ndani ya simu. Mitandao mingine huzificha simu za wateja nyuma ya anwani ya pamoja, au huzuia simu moja isiweze kuigonga nyingine moja kwa moja. Mahali ambapo kila simu ilipewa anwani inayofikika, mnyoo ulitembea. Watu wawili wenye simu ileile, waliofungua kwa zana ileile na kusahau jambo lilelile, walipata matokeo tofauti kwa sababu ya kadi ya simu waliyoweka.

Katikati ya mwezi kampuni ya usalama ya Intego ilieleza zana nyingine, iliyoendeshwa kutoka kwenye kompyuta badala ya kutambaa simu hadi simu. Mtu angeweza kukaa mahali penye Wi-Fi ya umma, akaiacha ikague waliomzunguka na kunakili ujumbe, picha na kalenda zao. Hii haikuacha picha ya mwimbaji yeyote. Haikuacha chochote.

Kisha likaja la mwisho, lililoitwa Duh na wengine, Ikee.B na wengine. Lilijengwa juu ya kazi ya kijana wa Wollongong, na hapo ndipo dai la kwamba mnyoo wake haukuwa na madhara linapoanguka: alikuwa amewaandikia wahalifu nusu ya kazi. Duh ulizisaka anwani za Uholanzi, Australia na nchi nyingine kadhaa za Ulaya. Ulipoingia ulibadili nywila ya root kuwa nyingine, hivyo mwenye simu aliyeamua siku hiyo kufuata ushauri na kuibadili alikuta alpine haikubaliki tena. Uliripoti mara kwa mara kwa seva iliyokuwa Lithuania na kuvuta maagizo mapya, yaani simu ilikuwa imeingizwa kwenye jeshi la mashine zinazoamriwa kwa mbali. Na ulilenga wateja wa ING waliofungua benki yao kwenye simu, kwa kuwaelekeza kwenye ukurasa wa bandia. Wachambuzi wa usalama waliifumbua nywila mpya na kuitangaza, ili wenye simu waweze kurudi ndani. Ushauri ulioaminika zaidi, hata hivyo, ulikuwa kuirejesha simu kwenye mfumo halisi wa Apple, maana simu ambayo mwingine amekuwa root ndani yake huwezi kuiamini kwa kuitazama.

Nani alaumiwe

Apple ilikuwa na jibu jepesi: simu zisizofunguliwa hazikuguswa. Ni kweli tupu, na ilikuja kwa wakati mzuri kwake. Tangu mapema mwaka huo ilikuwa ikipinga mbele ya Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ombi la EFF, shirika linalotetea haki za watumiaji wa teknolojia, la kutaka kuvunja kufuli la simu yako mwenyewe kusihesabiwe kuwa kosa chini ya DMCA, sheria ya hakimiliki za kidijitali ya nchi hiyo. Hata hivyo ombi hilo lilikubaliwa tarehe 26 Julai 2010. Nadhani uamuzi ulikuwa sahihi, na ikee hauubatilishi, kwa sababu swali la nani ana haki ya kufungua si swali la nani anafunga baada ya kufungua.

Lakini nywila moja kwa mamilioni ya vifaa haikuwa jambo la kujivunia hata kama hapakuwa na mlango. Leo sheria zimeanza kulitazama kwa jicho kali. California inataka tangu tarehe 1 Januari 2020 kifaa kinachounganika na mtandao, kama kinaruhusu mtu kuingia kutoka nje kwa nywila, kiwe na nywila yake ya pekee kutoka kiwandani au kimlazimishe mtumiaji kuweka yake kabla ya kuanza. Uingereza imepiga marufuku nywila za jumla kwenye vifaa vya watumiaji tangu tarehe 29 Aprili 2024. Kama kila iPhone ingekuwa na nywila yake ya nasibu, mnyoo huu usingepata pa kuanzia.

Kampuni za simu zilikuwa na sehemu yao, nimeshaieleza.

Sehemu kubwa zaidi naiweka kwa waliotengeneza zana na vifurushi, nami naisema kwa heshima kwao, kwa kuwa walifanya kazi ngumu bila malipo na waliwapa watu kitu halisi. Kifurushi cha OpenSSH ndicho kilichojua, wakati wa kuwekwa, kwamba kinafungua poti 22. Kingeweza kukagua kama nywila bado ni alpine na kugoma kuanza hadi ibadilishwe. Kingeweza kuuliza nywila mpya kwa kisanduku cha kawaida, kwa akaunti zote mbili, kabla hakijasikiliza chochote. Kingeweza kuanza kikiwa kimezimwa. Lolote kati ya haya matatu lingetosha. Badala yake onyo liliandikwa kwenye maelezo, na jukumu likawekwa kwa mtu mwenye ujuzi mdogo kuliko wote katika mnyororo mzima. Usalama unaotegemea kila mtumiaji asome aya ya tatu ya maelezo utashindwa siku ya kwanza, na ulishindwa.

Linganisha na njia rasmi ya kufungua butloda, yaani programu inayoupakia mfumo simu inapowaka, kwenye simu za Android zinazoiruhusu. Mwenyewe huwasha ruhusa ndani ya mipangilio, huthibitisha tena kwenye skrini ya kuwashia, na simu hufuta data yake yote kabla ya kufunguka. Watu huichukia hatua hiyo ya kufuta. Ipo ili mwizi aliyeokota simu asiweze kuifungua na kusoma yaliyomo, na baada ya hapo kila simu inapowaka huonyesha onyo kwamba ukaguzi wa mfumo umeondolewa. Kubadilika kwa hali ya ulinzi kumefanywa kuwe kitendo kinachoonekana.

Lakini Android nayo imeonja dawa hii. Februari 2018 mnyoo uliopewa jina ADB.Miner ulisambaa kwenye vifaa vya Android, vikiwemo visanduku vya televisheni, kupitia poti 5555, ile ya kuruhusu kompyuta ya mtengeneza programu kukiamuru kifaa kwa mtandao. Safari hii wengi wa wenye vifaa hawakuwa wamefungua chochote; njia iliachwa wazi na waliowatengenezea. Vifaa vyao vilichimba sarafu ya kidijitali kwa faida ya mtu mwingine. Mnyoo haukuuliza nani aliifungua poti.

Zana za karibuni za kuvunja kufuli la iPhone zimebadilika kwenye jambo hili. Dopamine, kwa mfano, humtaka mtumiaji achague nywila yake mara ya kwanza anapofungua simu, kwa kisanduku cha kawaida, bila skrini ya amri. Kwenye simu za zamani, ambazo bado zinafunguliwa kwa wingi kwa sababu dosari ya checkm8 iliyotangazwa Septemba 2019 imo kwenye chipu zenyewe na haiwezi kuzibwa kwa sasisho, alpine bado ni nywila ya kujaribu. Mwenye simu ya aina hiyo anaweza kujua hali yake leo hii: aunganishe kompyuta kwenye Wi-Fi ileile, aiite simu kwa SSH, aandike alpine kwa root kisha kwa mobile. Ikimkubalia kwa mojawapo, inamkubalia kila aliye kwenye mtandao huo.